Mafuta ya Bahari ya Timor: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Wanaofuatilia habari za mafuta na gesi ya baharini hukitaja sana kisa cha Timor-Leste (nchi iliyo upande wa mashariki wa kisiwa cha Timor) na Australia, na maswali yanayofuata huwa ni yale yale. Nimeyakusanya hapa na kuyajibu moja moja. Atakayeanza juu mpaka chini ataona jambo linalojirudia: nchi ndogo ilikuwa na haki yake, ila ilikosa pahali pa kwenda kuidai. Tangu 2002 hadi 2018 ilikuwa ikitafuta pahali hapo.

## Mambo ya msingi

1. Mgogoro wenyewe ulihusu nini?

Ulihusu mpaka. Kati ya pwani ya kusini ya kisiwa cha Timor na pwani ya kaskazini ya Australia kuna bahari, na chini ya bahari hiyo kuna mafuta na gesi. Mpaka ukipita katikati, sehemu kubwa ya mali hiyo inaangukia upande wa Timor-Leste. Ukisogezwa kaskazini karibu na Timor, inakuwa ya Australia.

Wako wanaosema ulikuwa ugomvi wa mgawo wa fedha tu. Australia nayo ilipenda uonekane hivyo: tugawane mapato, habari ya mpaka tuiweke kando. Watimor walisema kinyume chake. Walioishi miaka 24 chini ya jeshi la Indonesia hawawezi kuuona mpaka kama hesabu ya dola peke yake. Kwao nchi isiyojua bahari yake inaishia wapi ilikuwa bado haijamaliza kupata uhuru.

2. Nchi hizi mbili zinatofautiana kiasi gani?

Timor-Leste ina eneo la takribani kilomita za mraba 15,000, na ilipopata uhuru tarehe 20 Mei 2002 ilikuwa na watu wasiofika milioni moja. Australia ni bara zima, uchumi wake ni miongoni mwa mikubwa duniani, na ina wanasheria wa bahari waliokuwa wakiifanya kazi hiyo kabla wengi wa mawaziri wa Dili, mji mkuu wa Timor-Leste, hawajatoka msituni au uhamishoni.

Tofauti nyingine haionekani kwenye takwimu. Mwezi Septemba 1999, baada ya Watimor kupiga kura ya kuchagua uhuru, sehemu kubwa ya majengo, nyaya za umeme na ofisi za Timor ilichomwa moto na wanamgambo waliokuwa wakishirikiana na jeshi la Indonesia. Jeshi la kimataifa lililokwenda kutuliza hali liliongozwa na Australia. Kwa hiyo Mtimor aliyekaa mezani kudai mpaka alikuwa akimdai mtu aliyemwokoa jana, anayempa misaada leo, na ambaye hana haraka.

3. Mstari wa kati ni nini, na unachorwaje?

Hapa maneno hayatoshi, chukua ramani na bikari. Weka ncha ya bikari baharini, kisha uipanue mpaka duara lake liguse pwani ya Timor. Kama halijagusa pwani ya Australia, isogeze ncha kusini kidogo ujaribu tena. Utafika mahali ambapo duara moja linazigusa pwani zote mbili kwa pamoja. Tia nukta hapo. Nenda mashariki kidogo ufanye vivyo hivyo, kisha magharibi. Ukiziunganisha nukta zako unapata mstari wa kati. Wataalamu hutumia kompyuta, lakini kazi ni hiyo hiyo.

Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Sheria ya Bahari wa 1982 unaipa kila nchi ya pwani haki ya mali hadi maili 200 za baharini. Nchi mbili zikitazamana na bahari iliyo kati yao haifiki maili 400, madai yao hupandana. Mkataba unataka suluhisho la haki, na kwa miongo kadhaa sasa mahakama zimekuwa zikianza na mstari wa kati, kisha zinaangalia kama kuna sababu ya kuusogeza.

4. Basi Australia ilitegemea hoja gani?

Ilitegemea bonde. Karibu na kisiwa cha Timor sakafu ya bahari inashuka ghafla hadi zaidi ya mita 3,000. Australia ilisema bara lake linaendelea chini ya maji mpaka kwenye bonde hilo, kwa hiyo sakafu yote ya kusini mwa bonde ni yake, hata pale ilipo karibu zaidi na Timor.

Hoja hiyo haikuwa ya kubuni. Miaka ya 1960 na mwanzoni mwa 1970 sheria ya kimataifa iliipa uzito. Baadaye sheria ilibadilika na umbali ukawa ndio kipimo kwa nchi zilizo karibu hivyo, na hoja ya bonde ikazeeka. Australia iliendelea kuishika, na alama ya kwamba yenyewe ilijua imezeeka utaiona kwenye swali la 8.

## Kabla ya uhuru

5. "Pengo la Timor" maana yake nini?

Mwaka 1972 Australia na Indonesia zilikubaliana mpaka wa sakafu ya bahari, na hoja ya bonde ikakubaliwa kwa kiasi kikubwa, kwa faida ya Australia. Lakini Timor ya mashariki wakati huo ilitawaliwa na Ureno, na Ureno haikuingia katika makubaliano hayo. Mstari ukachorwa upande wa mashariki na upande wa magharibi, katikati pakabaki wazi. Sehemu hiyo iliyobaki wazi ndiyo pengo.

Tarehe 28 Novemba 1975 Watimor walitangaza uhuru. Siku tisa baadaye, tarehe 7 Desemba, Indonesia ikavamia. Zaidi ya watu 100,000 walikufa kutokana na vita, njaa na maradhi katika miaka ya ukaliaji. Umoja wa Mataifa haukuutambua utawala huo. Australia iliutambua, maana mazungumzo ya kuliziba pengo yalihitaji mtu wa kuzungumza naye aliyeishika Timor.

6. Ni kweli mkataba wa 1989 ulitiwa saini ndani ya ndege?

Ni kweli. Tarehe 11 Desemba 1989 mawaziri wa mambo ya nje, Gareth Evans wa Australia na Ali Alatas wa Indonesia, walitia saini wakiwa angani juu ya Bahari ya Timor, kisha wakagonganisha glasi za shampeni. Kuna picha za siku ile.

Picha hizo hutazamwa kwa uchungu. Chini ya ndege ni maji wanayoyagawana, kaskazini kidogo ni kisiwa ambacho watu wake wanauawa, na hakuna Mtimor hata mmoja aliyeulizwa. Miaka miwili baadaye, tarehe 12 Novemba 1991, wanajeshi wa Indonesia waliwamiminia risasi waombolezaji katika makaburi ya Santa Cruz, Dili.

7. Hakuna aliyekwenda mahakamani wakati huo?

Ureno ilikwenda. Mwaka 1991 iliishtaki Australia katika Mahakama ya Kimataifa ya Haki kule The Hague. Hukumu ilitoka tarehe 30 Juni 1995: majaji walisema haki ya Watimor kujiamulia mambo yao ni haki ambayo kila nchi inapaswa kuiheshimu, ila hawawezi kuamua kesi, kwa sababu kuamua kungelazimu kwanza kuhukumu matendo ya Indonesia, na Indonesia haikuwamo katika kesi wala haikuwa imeikubali mamlaka ya mahakama. Haki ikatambuliwa, mlango ukafungwa.

## Meza ya mazungumzo, 2002 hadi 2006

8. Kwa nini Australia ilijitoa mahakamani mwaka 2002?

Mwezi Machi 2002, miezi miwili kabla bendera ya Timor-Leste haijapandishwa, Australia ilitoa tamko kwamba haitambui tena mamlaka ya Mahakama ya Kimataifa ya Haki, wala ya mahakama ya sheria ya bahari, katika migogoro ya mipaka ya baharini. Nchi yoyote inaruhusiwa kufanya hivyo. Maelezo yaliyotolewa ni kwamba mipaka ni vizuri iamuliwe kwa mazungumzo.

Ukilitazama kwa macho ya Dili, jambo hilo lina maana moja. Mazungumzo ambayo nyuma yake hakuna hakimu humpendelea mwenye uwezo wa kungoja. Mwenye hoja nzuri kisheria humtamani hakimu, na Australia iliondoka mahakamani wiki chache tu kabla ya kuzaliwa nchi iliyokuwa na sababu kubwa ya kuishtaki kwa jambo hilo. Kila kilichofuata, mpaka swali la 14, kimejengwa juu ya tamko hilo.

9. Kama Timor ilipewa asilimia 90, mbona ililalamika?

Asilimia 90 ilikuwa ya eneo la pamoja tu. Siku ile ile ya uhuru nchi mbili hizi zilitia saini Mkataba wa Bahari ya Timor, uliotenga eneo ambalo mapato yake yangegawanywa 90 kwa 10. Hatua hiyo haikuwa ndogo, kwani chini ya mkataba wa Indonesia mgawo ulikuwa nusu kwa nusu. Walioisukuma ni Mari Alkatiri, waziri mkuu wa kwanza wa Timor-Leste, na Peter Galbraith, huyu wa pili akiwa katika utawala wa mpito wa Umoja wa Mataifa.

Lakini tazama kilichobaki nje. Kwanza, eneo lote la pamoja lilikuwa kaskazini mwa mstari wa kati, kwa hiyo Watimor walijiona wanagawiwa sehemu ya kitu chao. Pili, visima vya Laminaria na Corallina vilikuwa nje kidogo ya ukingo wa magharibi, na mapato yake kwa serikali yalikwenda Australia yote. Tatu, gesi ya Bayu-Undan, hifadhi ya ndani ya eneo la pamoja ambayo ndiyo iliyoilisha Timor-Leste, ilisafirishwa kwa bomba la takribani kilomita 500 hadi Darwin. Kiwanda cha kuisindika kikajengwa Australia, pamoja na ajira na kodi zake.

10. Greater Sunrise ni nini?

Ni hifadhi ya gesi iliyogunduliwa mwaka 1974, yapata kilomita 150 kutoka Timor-Leste na 450 kutoka Darwin. Inakadiriwa kuwa na futi za ujazo trilioni 5.1 za gesi na mapipa milioni 226 ya mafuta mepesi yanayotoka pamoja na gesi hiyo.

Ugumu wake ni kwamba iko pembeni, upande wa mashariki, ambako mstari wa kati pekee haumalizi ubishi. Lazima pia uchorwe mstari wa ubavuni, unaotenganisha bahari ya Timor-Leste na ile iliyo mbele ya visiwa vya jirani vya Indonesia. Mstari wa ubavuni wa eneo la pamoja uliikata Sunrise vibaya: makubaliano ya tarehe 6 Machi 2003 yaliweka asilimia 20.1 ndani ya eneo la pamoja na 79.9 upande wa Australia.

Namna makubaliano hayo yalivyopatikana inaonyesha muda unavyotumika kama silaha. Bunge la Timor-Leste lilikuwa limeupitisha Mkataba wa Bahari ya Timor tangu Desemba 2002. Dili ilihitaji uanze kazi upesi ili mradi wa Bayu-Undan usiharibike, kwa sababu hazina ilikuwa tupu. Bunge la Australia liliupitisha tarehe 6 Machi 2003, siku ile ile Dili ilipotia saini makubaliano ya Sunrise.

11. Kwa nini basi ikakubali mwaka 2006 kunyamazia mpaka kwa miaka 50?

Mkataba wa tarehe 12 Januari 2006 uliipandishia Timor-Leste mgawo wa Sunrise hadi nusu kwa nusu, kwa sharti kwamba kwa miaka 50 hakuna upande utakaodai mpaka wa kudumu wala kwenda mahakamani kwa jambo hilo. Ni rahisi kuwalaumu waliotia saini. Mimi siwalaumu. Mwenye njaa hapewi nafasi ya kuchagua saa ya kula. Serikali ilikuwa inahitaji fedha za shule na hospitali, mahakama ilikuwa imefungwa, na kutoka sehemu ndogo hadi nusu ni hatua.

Kuna jambo moja ambalo Dili haikulijua ilipokuwa ikikubali. Linafuata.

12. Habari ya vinasa sauti ukutani ni ya kweli?

Aliyekuwa ofisa wa idara ya ujasusi wa nje ya Australia, ambaye mahakamani anaitwa Shahidi K, alieleza kwamba mwaka 2004 majasusi walitega vinasa sauti katika ofisi za baraza la mawaziri mjini Dili. Waliingia wakijifanya mafundi wa mradi wa msaada wa kukarabati jengo. Serikali ya Australia imeshika msimamo wake wa kutothibitisha wala kukanusha mambo ya ujasusi, lakini ilimshtaki mtu huyo kwa kutoa siri, na akahukumiwa.

Hebu fikiri maana yake mezani. Mawaziri wanafunga mlango, wanaulizana: tukibanwa tutakubali asilimia ngapi? Tunaweza kungoja miezi mingapi? Asubuhi wanakwenda kukutana na watu ambao huenda wamekwisha sikia jibu. Na kuta zilizowasikiliza zilipakwa rangi kwa jina la msaada.

13. Waliofichua walipatwa na nini?

Tarehe 3 Desemba 2013, maofisa wa usalama wa Australia walipekua nyumba ya Shahidi K na ofisi ya Bernard Collaery, wakili aliyekuwa akiitetea Timor-Leste, wakachukua nyaraka za kesi. Timor-Leste ilikwenda The Hague ndani ya wiki mbili, na tarehe 3 Machi 2014 Mahakama ya Kimataifa ya Haki iliiamuru Australia kuzifungia nyaraka hizo zisitumike, wala isiingilie mawasiliano ya Timor-Leste na mawakili wake. Nyaraka zikarudishwa mwaka 2015.

Shahidi K alikiri kosa mwaka 2021, akapewa kifungo cha miezi mitatu kilichoahirishwa. Mashtaka dhidi ya Collaery yaliendelea miaka minne mpaka Julai 2022, serikali mpya ilipoyafuta.

## Mlango uliobaki

14. Usuluhishi wa lazima ni nini?

Mkataba wa Sheria ya Bahari unairuhusu nchi kujitoa kwenye hukumu za mipaka, kama Australia ilivyofanya, lakini umeacha mlango mdogo wazi. Nchi iliyojitoa haiwezi kukataa kuitwa mbele ya tume ya wasuluhishi. Tume hiyo haitoi hukumu. Inasikiliza, inapendekeza, inaandika ripoti, na pande zote zinatakiwa kujadiliana kwa kuifuata. "Lazima" iko kwenye kuhudhuria, haiko kwenye kukubali.

Kwa zaidi ya miaka 20 hakuna nchi iliyoutumia. Timor-Leste ilijiunga na mkataba huo mwaka 2013, na tarehe 11 Aprili 2016 ikabisha hodi, ya kwanza duniani. Wiki chache kabla, maelfu ya watu walikuwa wamejaa mbele ya ubalozi wa Australia mjini Dili wakidai mpaka.

15. Tume ilifanyaje kazi?

Kila upande ulichagua wasuluhishi wawili. Timor-Leste iliwachagua Abdul Koroma wa Sierra Leone, aliyewahi kuwa jaji wa Mahakama ya Kimataifa ya Haki, na Rüdiger Wolfrum wa Ujerumani. Australia iliwachagua Rosalie Balkin na Donald McRae. Mwenyekiti akawa Peter Taksøe-Jensen, mwanadiplomasia wa Denmark.

Australia ilianza kwa kupinga. Ilisema mkataba wa 2006 unakataza jambo hilo kuletwa popote. Tarehe 19 Septemba 2016 tume ikajibu kwamba ina mamlaka. Baada ya hapo vikao vilikuwa vya faragha, na hapo ndipo kazi ilipofanyika. Tume ilizikutanisha pande zote mbili na pia ikakaa na kila upande peke yake, ikaomba hatua ndogo ndogo za kujengeana imani. Mwezi Januari 2017 Timor-Leste ilitoa notisi ya kuuvunja mkataba wa 2006 bila Australia kuleta ubishi, na Timor-Leste ikaondoa kesi nyingine ilizokuwa imeifungulia Australia. Tarehe 30 Agosti 2017, mjini Copenhagen, wakaafikiana mambo makuu.

Watu huuliza Australia ililazimishwa na nini, wakati ripoti ya tume haimlazimishi mtu. Kwa maoni yangu ni aibu iliyochanganyika na hesabu. Australia ilikuwa ikizihimiza nchi za Asia zifuate sheria ya bahari katika Bahari ya China Kusini, na huwezi kumhubiria jirani yako huku unamkwepa mwingine.

16. Mkataba wa 2018 unasema nini?

Ulitiwa saini tarehe 6 Machi 2018, makao makuu ya Umoja wa Mataifa, New York, miaka 15 kamili baada ya makubaliano yale ya Sunrise. Mpaka wa kusini unaufuata mstari wa kati kwa karibu, na hoja ya bonde imewekwa pembeni. Lililokuwa eneo la pamoja, ikiwamo Bayu-Undan, limekuwa la Timor-Leste. Sunrise imewekwa chini ya utaratibu maalumu: Timor-Leste inapata asilimia 70 ya mapato ya serikali ikiwa bomba litakwenda Timor-Leste, na 80 ikiwa litakwenda Australia. Ulianza kutumika tarehe 30 Agosti 2019, miaka 20 tangu kura ya maoni ambayo asilimia 78.5 ya Watimor walichagua uhuru.

17. Kwa hiyo Timor-Leste ilishinda?

Ilipata mpaka, jambo ambalo kwa miaka mingi iliambiwa lisahauliwe. Huo ni ushindi na hakuna haja ya kuupunguza. Lakini haikupata yote. Xanana Gusmão, aliyeongoza mazungumzo, aliiandikia tume barua kali akilalamikia namna ilivyozilinganisha njia mbili za bomba, na siku ya saini hakuwepo New York.

Kuna pia gharama ya muda. Miaka ya mabishano ndiyo miaka ambayo Bayu-Undan ilikuwa ikimwaga gesi na mafuta. Fedha zilizoingia zilitunzwa vizuri kuliko katika nchi nyingi: Mfuko wa Petroli ulianzishwa 2005, na mwisho wa 2023 ulikuwa na takribani dola bilioni 18. Ila mfuko huo ndio unaolipia sehemu kubwa ya bajeti ya serikali, na Bayu-Undan imekauka.

18. Kwa nini gesi ya Sunrise imekaa chini miaka yote hii?

Kwa sababu ya bomba. Timor-Leste inataka gesi iletwe Beaço, kwenye pwani yake ya kusini, ijenge kiwanda na kuleta kazi. Kati ya hifadhi na pwani hiyo kuna lile bonde la swali la 4, kwa hiyo bomba lazima lishuke kwenye kina kikubwa na kupanda tena. Wawekezaji walivutiwa zaidi na Darwin, ambako kiwanda kipo tayari.

Dili iliamua kununua sauti. Kupitia shirika lake la mafuta, Timor Gap, ilinunua hisa za kampuni ya ConocoPhillips katika Sunrise kwa dola milioni 350 na za Shell kwa milioni 300, ikafikisha asilimia 56.56. Kampuni ya Woodside ina 33.44, Osaka Gas 10. Wapo Watimor wanaoona fedha hizo zingejenga visima vya maji na zahanati. Wapo wanaosema kuwa na gesi bila kiwanda ni kubaki mchuuzi wa mali ghafi. Nimewasikiliza wote, na sioni upande unaozungumza upuuzi.

## Maswali ya kwetu na ya pembeni

19. Kisa cha Kenya na Somalia si ndicho hiki hiki?

Vinafanana sehemu moja na kutofautiana nyingi. Somalia ilifungua kesi katika Mahakama ya Kimataifa ya Haki tarehe 28 Agosti 2014, wakati serikali yake ikiwa dhaifu na wanajeshi wa Kenya wakiwa ndani ya nchi yake. Kenya ilidai mpaka uende sambamba na mstari wa latitudo, Somalia ikadai mstari wa kati. Katika hukumu ya tarehe 12 Oktoba 2021 mahakama ilianza na mstari wa kati, kisha ikausogeza kidogo kaskazini kwa faida ya Kenya, kwa sababu pwani ya eneo hili imeingia ndani na Kenya ingebanwa kati ya majirani zake. Wengi hulisahau hilo la kubanwa. Kenya ilikuwa na hoja ya kweli, ingawa mahakama haikuipa yote iliyotaka.

Wanapofanana ni mlangoni. Kenya haikushiriki kusikilizwa kwa kesi Machi 2021, na Septemba mwaka huo ikaondoa kukubali kwake mamlaka ya mahakama, kesi ikiwa imekwisha sikilizwa. Kisha ikaikataa hukumu. Australia ilitoka kabla ya kushtakiwa, na kwa hiyo haikuhukumiwa.

20. Je, mazungumzo ya gesi ya Lindi ni jambo la aina hii?

Hapana. Kule Tanzania inazungumza na makampuni, na hakuna nchi inayodai kwamba gesi hiyo ni yake. Visa hivi vinafanana kwenye ubishi wa kiwanda peke yake (swali la 18): Tanzania nayo imesisitiza gesi isindikwe nchi kavu, Likong'o, mkoani Lindi. Ila Tanzania ina zaidi ya futi za ujazo trilioni 57, zaidi ya mara kumi ya Sunrise, na hilo linabadilisha hesabu za mwekezaji.

21. Nchi yoyote ndogo inaweza kutumia usuluhishi wa lazima?

Si yoyote. Pande zote mbili lazima ziwe wanachama wa Mkataba wa Sheria ya Bahari. Mgogoro uwe umetokea baada ya mkataba huo kuanza kazi, na mazungumzo yawe yamejaribiwa kwa muda wa kutosha yakashindikana. Na kama ndani yake kuna ubishi wa nani anamiliki kisiwa au nchi kavu, mlango haufunguki. Hilo la mwisho linaitoa nje migogoro mingi.

22. Mpaka na Indonesia umemalizika?

Mkataba wa 2018 uliweka mistari ya ubavuni kwa muda, ukikiri kwamba Indonesia nayo ina lake la kusema. Timor-Leste ikikubaliana na Indonesia, na visima husika vikiwa vimekwisha, sehemu za mistari hiyo zitasogezwa.

23. Fedha za Laminaria na Corallina zitarudishwa?

Hazitarudishwa. Mkataba wa 2018 unasema wazi kwamba hakuna upande utakaodai fidia kwa mafuta yaliyokwisha kuchimbwa. Visima hivyo vilianza kutoa mafuta 1999, mwaka ule ule Dili ilipoteketea, na uzalishaji ukasimama 2019, mwaka ambao mkataba ulianza kazi. Meli iliyokuwa ikiyapokea mafuta hayo, Northern Endeavour, iliachwa imetia nanga pale pale baada ya mmiliki wake wa mwisho kufilisika, na serikali ya Australia ndiyo iliyobeba kazi ya kuiondoa.